Shingo ya Tajiri

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Usishtuke kuona karatasi ina kiganja cha zambarau. Ni mjukuu wako Kinanda. Sasa hivi tu amechovya mkono kwenye dawa ya mbwa wako Tajiri, akanijia hapa mezani kimyakimya kama paka, na kabla sijaandika hata herufi moja akaubandika mkono wote, eti naye anamsalimu bibi. Nilitaka kuichana hii nichukue nyingine, nikasema hapana, salamu ni salamu. Wewe ipokee tu hivyo hivyo na harufu yake.

Na mimi nakuamkia, Shangazi, shikamoo. Hujambo huko? Goti linasemaje? Binamu aliniambia umeanza kushuka ngazi bila fimbo, nikafurahi mpaka nikamsimulia mteja asiyekujua hata kidogo. Na hiyo baridi usiidharau, vaa soksi hata ndani, usione aibu mbele ya mkwe, hakuna mkwe aliyewahi kufa kwa kuona soksi. Mapacha je, wameshaanza kukusikia ukiwasemesha lugha yetu, au wanakutazama tu kama televisheni?

Sisi huku ni wazima. Baba Kinanda bado yuko kwenye ule ujenzi wa mbali, anavuta nyaya za umeme, na simu yake inashika anapopanda juu ya tangi la maji tu, kwa hiyo tukizungumza nasikia upepo kuliko mume. Mimi naendelea na kusuka. Wateja ninao, wananifuata hapa hapa uani, wanasema mkono wangu ni mwepesi, nywele hazifumuki na kichwa hakiumi. Hilo la kutoumiza nimeliandika nikasita. Utaona kwa nini.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu wewe ukisikia sauti yangu unaanza kulia kabla ya habari, nami safari hii ningelia kabla yako. Nina jambo limenikaa kooni. Si la msiba, kwa hiyo tulia. Ni la aibu.

Sijui kama niliwahi kukueleza vizuri kuhusu jirani yangu. Tunapakana ukuta. Ni fundi cherehani, mkubwa kwangu sana, mjane, watoto wake wameshaota mbawa. Tunamwita Bi Pindo, maana hakushonei nguo bila kuacha pindo kubwa kwa ndani, eti utanenepa tu, kila mtu hunenepa. Ua wetu ni mmoja. Upande huu mimi nina kiti changu cha wateja na kopo la mafuta, upande ule yeye ana cherehani yake na meza ya kupigia pasi, chini ya bati.

Tangu tuhamie hapa Kinanda anashinda miguuni pake akiokota vifungo, anamwita mama mkubwa. Na Tajiri wako ndiyo usiseme. Akishakula kwangu anajinyoosha, anavuka ua taratibu na tumbo lake kama mwenye hisa benki, anakwenda kulala chini ya cherehani, pua karibu na kanyagio. Nikwambie kweli, sikulipenda sana. Mtoto wa kwangu, mbwa wa shangazi yangu, wote wawili wakiamka wanahamia ng'ambo. Nilikuwa nacheka nalo mdomoni lakini moyoni lilikuwa likinichoma.

Sasa wiki iliyopita Tajiri akaanza kujikuna shingo kwa mguu wa nyuma. Nikasema viroboto, nikamwogesha. Akazidi. Kisha ikaja harufu. Ile shingo yake unaijua ilivyo, manyoya yamejaa kama amejifunga shuka, hapaonekani kitu. Nikayafunua pembeni kidogo, nikaona ngozi nyekundu, mbichi, inatoa majimaji. Nilipotaka kupapasa zaidi akaninguruma, mimi, ninayemlisha. Nikaacha. Lakini nilikuwa nimeshaona ule mstari wa kidonda, umepinda kidogo, na kichwani mwangu ukawa ukingo wa pasi. Naapa niliiona pasi pale. Jicho likishakuwa na hamu na kitu, linakichora lenyewe.

Shangazi, hapa ndipo ninapoona haya hata kushika kalamu.

Nilikuwa na mteja kitini, mwalimu wa shule ya jirani, kichwa kimesukwa nusu. Bi Pindo naye alikuwa na wanawake wawili wamekuja kuchukua nguo. Ningekuwa na busara kidogo ningemwita pembeni. Mimi nikasimama katikati ya ua, kitana mkononi, nikasema kwa sauti ya kutafuta mashahidi, "Mtu akimchoka mnyama wa watu aseme. Si kumchoma na pasi."

Cherehani ikasimama. Akaniuliza polepole, "Mama Kinanda, unasema na mimi?"

"Nasema na mwenye pasi."

Aliitazama pasi yake ya mkaa pale mezani, kama vile naye anaiuliza. Halafu akainama akaendelea na mshono. Wale wanawake wakatazamana. Mmoja alikuwa ameleta kitambaa cha kukatwa, akakikunja taratibu, akasema atakirudia siku nyingine. Mpaka leo hajakirudia. Mwalimu wangu akajikohoza tu, akasema, "Endelea na kichwa, dada, nina kipindi."

Nikaendelea. Na unajua nilisikia nini moyoni? Nilisikia raha. Kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Sijamwambia mtu mwingine hilo.

Tajiri nikamtibu mwenyewe. Nilikuwa nasikia watu wakiungua wanapaka dawa ya meno, nami nilikuwa na hakika ni moto, basi nikampaka Tajiri dawa ya meno shingo nzima kwa juu juu, akanukia mnanaa kama bwana harusi. Manyoya yakagandamana. Siku iliyofuata hakula. Iliyofuata hakunyanyuka, ananitazama tu kwa macho yale yenye maji, mkia unapiga sakafu mara moja kisha basi. Nikaogopa. Nikaanza kukuona wewe, siku ile ulipofunga nyumba kwenda kwa binamu, ulivyomshika masikio yote mawili na kumwambia anisikilize mimi kama anavyokusikiliza wewe. Nikasema huyu mbwa akinifia nitamwandikia nini shangazi?

Daktari wa mifugo yuko nyuma ya duka la dawa za wanyama, mwendo wa kutoka jasho. Nikambeba Kinanda mgongoni, nikajaribu kumnyanyua Tajiri mbele. Huyo mbwa ni mzito. Nikapiga hatua mbili nikamweka chini. Nikamnyanyua tena, nikamweka. Nilikuwa karibu kulia pale uani, na sikuthubutu kutazama upande wa cherehani.

Nikasikia kitu kinaburuzwa. Ni Bi Pindo, na beseni lake kubwa la kufulia. Ametandika vipande vya vitambaa chini. Akachana utepe, akamfunga Tajiri mdomo kwa upole kabisa, na Tajiri akakubali, akamtia ndani ya beseni. Kisha akaniambia, "Mimi na wewe tutanuniana tukirudi. Mbwa hayumo. Shika huko."

Basi tukaenda hivyo. Wanawake wawili hawasemezani, katikati beseni, ndani yake mbwa amejikunja, mgongoni kwangu Kinanda anaimba kwa sababu yeye aliona ni matembezi. Watu wa njiani hawakutuacha. Muuza mitumba mmoja akatuuliza mbwa huyo ni kilo ngapi. Mwingine akasema hata yeye kesho ataumwa, tupite tumbebe. Siku nyingine Bi Pindo angewajibu mpaka wakimbie. Siku ile alikuwa akiniambia tu, "Kushoto," "Shimo," "Pumzika." Na kila tulipopumzika alikuwa akimpepea Tajiri kwa ncha ya khanga yake.

Chumba cha daktari ni kidogo, meza ya bati, sinki, kalenda ya kampuni ya chanjo, na kuku mmoja ndani ya boksi akitusema sote. Daktari ni kijana, ana miwani na mikono mikubwa. Akamnusa Tajiri shingoni, akaninusa mimi kwa macho.

"Nani amempaka dawa ya meno?"

Nikasema ni mimi.

"Dada, meno ya mbwa yako huku mbele."

Bi Pindo hakucheka. Laiti angecheka. Daktari akauliza kimetokea nini. Nami, Shangazi, mbele ya mwanamke aliyenibebea mbwa wangu njia nzima, nikasema ameungua. Nikakomea hapo, sikusema na nini, lakini wote wawili tulijua.

Akamdunga Tajiri sindano ya kumtuliza, akachukua mashine ya kunyolea. Manyoya yakaanguka vipande vipande, na dawa ya meno. Ngozi ikatokea. Kidonda hakikuwa pembeni tu. Kilizunguka shingo nzima, chembamba, kama mtu amemchora kwa kisu. Daktari akainama, akachukua kibano, akasema, "Huku kuna kitu kimezama." Akavuta polepole. Kikakataa. Akakata kwa mkasi mdogo, akavuta tena.

Ulikuwa uzi. Uzi wa kusukia, Shangazi, wa kahawia, ule mnene ninaofungia wateja wanaotaka nywele zisimame. Umepigwa fundo juu ya fundo. Na kwenye fundo kulikuwa na ushanga mmoja wa njano.

Daktari aliuinua kwenye mwanga, akauliza nyumbani kwetu nani anasuka.

Akajibu Kinanda, kwa furaha yote, kutoka mgongoni kwangu. "Mimi ndiye nilimsuka! Akapendeza. Nikamwambia vumilia mpenzi, namalizia."

Hayo ni maneno yangu. Ndivyo ninavyowaambia wateja ninapokaza. Hata sauti ilikuwa yangu.

Nikakumbuka siku yenyewe. Nilikuwa na kichwa cha bibi harusi, Kinanda ananisumbua, nikampa mabaki ya uzi na shanga nikamwambia nenda kacheze na Tajiri. Akaenda nyuma ya tangi letu la maji, akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu sana, na mimi badala ya kwenda kuangalia nikamshukuru Mungu kwa ule ukimya. Fundo lenyewe nilimfundisha mimi, ili anisaidie kufunga ncha. Nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba mtoto wangu wa miaka minne anafunga fundo lisilofumuka.

Nilitazama chini, Shangazi. Nilingoja Bi Pindo aseme. Alikuwa na haki ya kunitangaza pale mpaka kuku asikie. Yeye akamuuliza daktari, "Atapona?"

Daktari akasema ni kidonda cha ngozi tu, uzi haukufika nyama, homa imekuja kwa sababu ya uchafu kukaa ndani, na dawa yangu ya meno haikusaidia mtu. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akakiacha wazi kipate hewa, akampiga sindano nyingine, akatupa vidonge na hii dawa ya zambarau. Akatuonya tuufunike ule mguu wa nyuma kwa kitu laini ili asijikwaruze. Kisha akampa Kinanda ule ushanga, umeoshwa, akamwambia wanyama hawasukwi, wanachanwa tu. Kinanda akamuuliza, hata wakiomba?

Njiani kurudi nilijaribu. Nikasema, "Dada, nisamehe." Akasema, "Shika beseni vizuri, unaliinamisha." Nikalishika vizuri mpaka nyumbani.

Kinanda sikumpiga. Mkono uliinuka, sikufichi, lakini ningempiga kwa kosa la nani? Nilimkalisha, nikamfunga uzi kidoleni kidogo tu, akaona kinavyobadilika rangi, nikaufungua. Akalia, akaenda kumwomba Tajiri radhi kwa kumlamba pua. Lake limeisha. Watoto wana bahati.

Langu halijaisha. Kesho yake niliamka nikafagia ua mzima, na upande wa Bi Pindo. Akatoka, akachukua ufagio wake, akafagia tena palepale nilipofagia. Nikachota maji nikamjazia pipa lake. Akayatumia kumwagilia maua yangu. Hanitukani, hanifungii mlango, Kinanda akienda anapokelewa kama kawaida. Ni mimi tu ambaye nimekuwa kama ukuta. Zamani alikuwa akiniita mara kwa mara kutwa nzima, nimwangalie pindo, nimsemee mteja mkaidi, nimshikie kitambaa. Sasa kitambaa kirefu anakibana kwa meno akikata, kuliko kusema jina langu.

Nikafikiri, nilimchafua mbele ya watu, siwezi kumsafisha chumbani. Kwa hiyo jana, siku yenye wateja wengi, mwalimu yule karudi, na wateja wa Bi Pindo wapo, nilisimama pale pale niliposimama siku ile. Nikasema nilichosema kuhusu pasi kilikuwa uongo wangu, kwamba mbwa alikatwa na uzi wangu, uliofungwa na mwanangu, nikiwa nimekaa hatua chache bila kuangalia, na aliyembeba mpaka kwa daktari ni huyu niliyemsingizia. Na yule mama aliyekunja kitambaa chake, kama kuna anayemjua, amwambie.

Mtu mmoja akacheka kwa ajili ya uzi. Mwalimu akashika kichwa chake akaniuliza kama wa kwake nao una fundo hilohilo, wote wakacheka, hata mimi. Bi Pindo hakusimamisha cherehani. Alikanyaga tu, trrr, mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, akaanza mwingine.

Nilirudi ndani nikakaa juu ya ndoo. Nilikuwa nimedhani nikishasema mbele ya watu atainua kichwa. Kumbe kusema ni kwangu, kusamehe ni kwake, na hakuna kamba ya kuvutia kimoja kwa kingine.

Lakini kuna kitu kimoja kinanipa moyo. Nilimvalisha Tajiri soksi ya Kinanda mguuni, ikawa inamvuka kila saa. Leo asubuhi amerudi kutoka ng'ambo amevaa kiatu. Haki ya Mungu, kiatu cha kitambaa, laini, kimewekwa pamba ndani, kina vikamba viwili vilivyofungwa kwa kulegea, kidole changu kinapita. Na kwa ndani kina pindo kubwa, sijui naye mbwa ataongezeka nini. Nilikishika nikakigeuza geuza kama mjinga. Nikajiambia aliyeshonewa ni mbwa, si wewe, usijipendekeze. Lakini nimekigeuza tena.

Kidonda chenyewe kinakauka vizuri. Anakula. Shingo iko wazi imepakwa zambarau, anafanana na mtu aliyetoka kwa kinyozi asiyemjua. Usimwonee huruma, amejua kuitumia, kila anayepita anampa kitu. Nami naomba wewe unisamehe, maana uliniachia mbwa mzima. Na kama unajua neno, Shangazi, niambie. Nimwendee tena? Nimwache mpaka roho yake ikae? Wewe umeishi na majirani wa kila namna, mimi ndiyo kwanza nafundishwa. Tumepanga nyumba hii kwa sababu ilikuwa karibu na kazi, lakini tumekaa kwa sababu yake yeye, na nilikuwa sijui mpaka aliponyamaza.

Nisalimie binamu na mumewe, waambie picha ya theluji tumeibandika mlangoni. Mapacha uwabusu kila mmoja peke yake, wasigombane. Msalimie na yule mama wa ghorofa ya chini anayekusindikiza sokoni, mwambie huku kuna mtu anamwombea. Mungu akupe usingizi mtamu na goti jepesi, akuzungushie watu wema pande zote za ukuta.

Kinanda namwona dirishani, amebeba chupa ya dawa kwa mikono miwili anavuka nayo ua, ndiyo saa ya Tajiri kupakwa. Kwa kawaida mimi humwita mbwa aje huku, sithubutu kuvuka. Leo nimechelewa kwa sababu ya barua, na naona mtoto ameshafika na chupa mezani kwa Bi Pindo, sijui kama nimfuate ama

Ananiita. Shangazi, ni yeye, ananiita kwa sauti yake ile ya zamani, ua mzima unasikia: "Wewe msusi wa mbwa! Njoo umshike mgonjwa wako, mimi sina mikono minne."

Naenda, Shangazi, mimi wako nikupendaye, hata kandambili sizioni ziko